Breki ya Mbele

Sijui ni nani aliyewaambia watu kwamba baiskeli ni baiskeli tu. Nina miaka thelathini na moja katika kazi hii. Nilianzia Kibondo nikiwa kijana, nikahamia hapa Heru Juu, na kila wiki ya Mungu anakuja mtu bandani kwangu, anatazama baiskeli tatu zilizosimama mlangoni, halafu ananiuliza, "Fundi Tharsisi, ipi nzuri?" Ipi nzuri! Nzuri kwa nani? Kwa kwenda wapi? Umewahi kupanda kitu gani maishani mwako zaidi ya kitanda? Nikimuuliza hivyo ananuna, anasema fundi huyu ana mdomo.

Akina mama ndio walionichosha zaidi, kwa sababu mama haji peke yake. Anakuja na shoga yake, na huyo shoga hajui hata kuishika baiskeli, lakini ndiye anayechagua, na anachagua rangi. "Chukua hiyo ya zambarau, itakupendeza." Jamani, mtu anataka kushuka mlima na maisha yake, wewe unamwambia habari ya zambarau!

Basi nitaeleza mara moja, halafu mniache nipumzike. Ya kwanza ni ya kapu, mtumba wa Japani. Ni fupi, haina chuma cha juu, mwenye gauni anapita katikati bila kuuonyesha mtaa mzima miguu yake. Kiti kiko chini, ukiyumba unaweka mguu, yamekwisha. Nyuma ina breki ya ngoma, inashika taratibu, haimshtui mtu. Hiyo ni ya anayejifunza, na wala si aibu. Ya pili ni ile nyeusi ya chuma, ndefu, nzito, mbishi kama ng'ombe aliyekataa kwenda mnadani. Ukiipakia muhogo inatulia. Ukiipanda tupu kwenye mawe inakurusha. Breki zake ni za vyuma, hazipendi mvua, na zinataka mkono wenye nguvu. Hiyo ni ya mwanamke aliyeendesha miaka miwili mitatu, anayeujua mteremko kabla hajaufikia. Ya tatu ni ya gia, nyepesi, tairi zina meno, breki za sahani mbele na nyuma. Ukiigusa breki ya mbele kwa kidole kimoja, baiskeli inasimama palepale. Baiskeli inasimama, wewe unaendelea na safari. Hiyo ni ya bingwa, na mabingwa hapa Heru Juu nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vinabaki.

Huwa nawaambia hivi: kujua baiskeli si kwenda. Kwenda hata gunia linakwenda ukilisukuma mteremkoni. Kujua ni kusimama. Wananiitikia kwa Kiha "ego, ego, fundi", halafu wanachukua ya zambarau.

Mwalimu Veronica wa shule ya msingi ndiye aliyenifundisha adabu. Hiyo ni miaka minane iliyopita. Alikuja kutoka Iringa, mwalimu mpya, akaing'ang'ania ya gia, nikasema hapana, akasema pesa ni yake. Siku ya tatu, kwenye kijiteremko cha shule, mbuzi akakatiza, Veronica akabana breki ya mbele kwa mkono mzima. Akaruka juu ya usukani, akaacha meno mawili pale kwenye changarawe mbele ya darasa la nne. Mpaka leo akicheka anaziba mdomo kwa mkono.

Tangu siku hiyo nikajiwekea sheria yangu ya kimyakimya. Mwanamke yeyote akija kujifunza kwangu, nachomoa waya wa breki ya mbele kwenye raba zake, naufunga kwenye fremu kwa kipande cha tyubu. Mkono wa breki unabaki mahali pake, akiubana unavutika kidogo, anajisikia ana breki mbili kama watu wengine. Kumbe anasimama na ya nyuma tu, na ya nyuma haimrushi mtu. Akishaiva, namrudishia wakati naipaka cheni yake mafuta, wala hajui. Wanaume sikuwafanyia hivyo. Wanaume niliwaacha waanguke, wakiamka wamejifunza.

Kwa nini sikuwaambia? Niwaambie nini sasa? Ukimwambia mwanafunzi breki moja imefungwa, hapandi tena. Tangu nianze hakuna mwanamke hata mmoja aliyeruka usukani, na mimi nilitembea kifua mbele. Msinitazame hivyo, sijamaliza.

Sasa mwaka jana, baada ya Pasaka, akaja nesi Mwanahawa. Huyu ni mkunga wa zahanati yetu, mtu wa Pangani, mwembamba, hijabu yake nyeupe haishiki vumbi sijui kwa dawa gani. Serikali ilimpeleka kwanza Kibondo, huko alikuwa akibebwa na gari la mradi, halafu ikamleta kwetu, huku hakuna gari wala mradi. Akasimama mlangoni akanyoosha kidole.

"Shikamoo fundi. Naitaka ile."

Ile ya gia. Mwe! Nikaweka spana chini.

"Marahaba. Umewahi kupanda baiskeli, nesi?"

"Sijapata."

"Hata ya mtoto?"

"Kwetu mimi nilipakiwa tu, fundi. Nyuma, upande upande."

"Basi hutaki baiskeli wewe, unataka jeneza lenye gia."

Hakucheka. Alisema, "Nataka kufika, fundi. Mara ile sikufika."

Nilijua ni mara ipi.

Mimi nina mtoto mmoja wa kike, Herieth. Ameolewa chini bondeni, Rusenga, na kijana anaitwa Makarius, mpole, mchapakazi, lakini hajui hata kujaza upepo. Kutoka zahanati iliyoko huku juu mpaka Rusenga kuna njia ya mkato inayoitwa Mabuye, na jina linatosha, ni mawe matupu, mteremko mmoja mrefu mpaka mtoni, na daraja la magogo mawili. Pikipiki haipiti. Pikipiki inazungukia barabarani, saa nzima na zaidi, na mvua ikinyesha bodaboda wanazima simu zao. Mwaka juzi Herieth alishikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza siku ya mvua. Nesi Mwanahawa alishuka Mabuye kwa miguu, akaanguka mara sijui ngapi, alipofika mtoto alikuwa ameshatoka, kitovu kimemzunguka shingoni, amepoa. Nilimkuta nesi amekaa juu ya jiwe nje ya nyumba, matope mpaka kwenye nyusi. Hakuna aliyemlaumu. Yeye mwenyewe ndiye aliyejilaumu, na kwa hilo sikuweza kumsaidia.

Na sasa Herieth alikuwa na mimba tena, miezi mitatu. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa rahisi: mwanangu yuko chini ya ule mteremko, nesi yuko juu yake, na mvua za vuli zinakuja.

"Utajifunza kwa hii," nikamwambia, nikaivuta ya kapu.

"Hii ya bibi?"

"Bibi gani? Hii ya mtu anayetaka kufika. Dawa zako zinakaa kapuni, gauni lako halinaswi, na ukiyumba unaweka mguu. Ukiweza hii nitakupa nyeusi. Ukiweza nyeusi, tutaongea habari ya gia nikiwa hai."

Akaichukua kwa uso wa mtu aliyepewa uji wakati wenzake wanakula wali.

Nani alinituma kufundisha? Miezi sita! Kila jioni uwanja wa shule, mimi nyuma nimeshika keria nakimbia na magoti yangu haya, yeye mbele anapiga kelele "usiniachie fundi, usiniachie!" Walimu wakatoa viti nje kabisa, wakatazama. Veronica ndiye aliyekaa mbele, kaziba mdomo. Nikimwambia nesi tazama mbele, anatazama pedeli. Nikimwambia kunja kona, anauliza kona ipi. Siku moja aliingia kwenye shamba la maharage la mchungaji akatoka upande wa pili na maharage kapuni, na bado hajasimama. "Bana breki zote mbili, nesi!" nilipiga kelele. "Zote mbili!" Naye alibana zote mbili, maskini, kwa nguvu zake zote, na ya mbele nilikuwa nimeifunga mimi.

Lakini mwezi wa tano akaanza kuiva. Nilimwekea jiwe jeupe kwenye njia ya zahanati, nikamwambia shuka, simama hapo, gurudumu liguse jiwe. Mwanzo alipitiliza hatua kumi. Baadaye tano. Baadaye akawa anagusa jiwe kama mtu anayebisha hodi. Nilifurahi, sikumwonyesha. Nilimwambia bado. Mabuye usiguse mpaka mimi niseme. Nilipanga kumrudishia breki ya mbele wiki ile ile, halafu nikapata kazi ya baiskeli sita za wafanyabiashara wa Nyarugusu, wale watu wana haraka kama wanakimbiza treni, wiki ikapita, na nyingine.

Hapo katikati nilikuwa nagombana na bondeni. Nilimwambia Herieth aje akae kwangu mwezi wa mwisho, hapa na zahanati ni kutupa jiwe. Mama mkwe wake akasema mahindi yanahitaji palizi. Nikasema palizi gani, mtu ana tumbo limefika mlangoni kabla yake! Makarius akasema, "Baba, tutamleta Jumamosi." Jumamosi ikaja, hawakuja. Nikampigia Herieth mwenyewe, akasema, "Baba, kupanda Mabuye kwa miguu siwezi, mgongo unauma. Makarius atatafuta bodaboda Jumatatu."

"Na baiskeli yako? Makarius angekukokota juu yake polepole."

"Ile baiskeli iache, baba. Ile hainipendi."

Hapo alinipandisha hasira ya zamani. Siku ya harusi yake, miaka sita iliyopita, nilimpa baiskeli ya kapu, ya bluu, nzuri kuliko zote zilizowahi kuingia bandani kwangu. Nilimfundisha mwenyewe, akaipanda mwezi mmoja huko Rusenga, akaanguka mtoni, akaitundika ukutani, basi. Kuku wanalala juu yake. Na Makarius haipandi kwa sababu ni ya kike, atachekwa. Miaka sita nimemwita Herieth mwoga. Mtoto wa fundi anaogopa baiskeli! Nilimwambia tena siku ile kwenye simu, akacheka kidogo, akakata.

Jumatatu asubuhi, saa tatu hivi, mvua imenyesha ikakatika, Makarius akanipigia. Simu yake haisikiki vizuri, lakini alichosema nilikisikia. Herieth amejifungua ghafla, mtoto yuko hai, analia, lakini damu haikatiki. "Inatoka tu, baba. Inatoka tu."

Sijui nilifikaje zahanati. Nesi alikuwa anapima watoto uzito. Nikasema, "Herieth, damu," akaelewa yote. Akachukua begi lake, akatoa chupa za sindano kwenye friji, akazifunga kwa kitambaa. Alikuwa ameshafika kwenye baiskeli yake ukutani, halafu akasimama akanitazama.

"Fundi, uliniambia Mabuye bado."

Mimi, Tharsisi, niliyemwambia bado miezi sita, bado, bado, bado, nikapaza sauti mbele ya akina mama wote na watoto wao:

"Nenda! Umeiva! Panda uende!"

Akapanda. Akaweka begi kapuni, akapiga pedeli mbili, akaingia Mabuye mgongo umenyooka kama nilivyomfundisha. Niliona hijabu nyeupe ikizama, ikatokea, ikazama tena nyuma ya migomba. Moyo wangu ukatulia kidogo. Nikasema moyoni, ana breki mbili nzuri, atafika.

Halafu nikakumbuka.

Breki ya mbele sikuwa nimemrudishia. Kwenye uwanja wa shule breki ya ngoma inatosha. Kwenye Mabuye, ukiibana mfululizo bila breki ya mbele kuisaidia, inapata moto, na ikishapata moto inakuwa haina habari na wewe. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote wilaya hii. Nilimpigia simu, ikalia kwenye meza ya zahanati, ameiacha. Nikakimbia.

Mtu wa miaka hamsini na tisa hakimbii Mabuye, anaporomoka. Nilikuwa naanguka na kuamka na kujitukana kwa Kiha na kwa Kiswahili. Wewe Tharsisi, mjuaji wewe, mwenye sheria za kimyakimya! Kwenye kona ya kwanza nikasikia harufu ya ngoma iliyoungua. Inafanana na nywele zilizoshika moto. Kona ya pili nikaona alama ya tairi imetoka njiani, imepita kwenye muhogo, imerudi. Kona ya tatu, juu tu ya daraja la magogo, nikaona kiatu.

Kiatu chake, kile cheusi cha kazini. Kimelala katikati ya njia peke yake, na soli imelika, imeungua, imetoboka upande mmoja mpaka ndani. Nilipokiokota kilikuwa bado cha moto. Nikatazama mtoni. Maji mekundu ya mvua yanapita, na mimi natafuta kitu cheupe ndani yake, huku nimeshika kiatu. Sikuona kitu. Nikavuka magogo kwa mikono na magoti, mtu mzima na mvi zangu, nalia kwa sauti.

Baiskeli niliikuta uani kwa Makarius, imeegemea kichanja cha vyombo. Kapu limepinda. Mama mkwe alikuwa jikoni anachemsha maji, akanionyesha mlango kwa kidevu. Nikaingia. Herieth amelala chini kwenye mkeka, rangi yake si rangi, macho yamefunguka. Nesi Mwanahawa amepiga magoti pembeni, mkono mmoja unaminya tumbo lake, gauni limechanika begani, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, na huo usio na kiatu una lengelenge kubwa kama yai.

"Imekatika," akasema bila kugeuka. "Nimemchoma sindano, imekatika. Robo saa zaidi, fundi, tusingeongea."

Makarius alikuwa kwenye kona, amemshika mtoto kama mtu aliyepewa bomu. Mtoto wa kike. Sikumtazama sana, nisamehewe, nilimtazama mama yake. Nikakaa chini.

Tulikaa hivyo muda mrefu, mpaka Herieth akanywa chai ya rangi yenye sukari nyingi na midomo yake ikaanza kuonekana. Hapo ndipo nesi alipogeuka, akakiona kiatu mkononi mwangu. Akajifuta uso.

"Nisamehe fundi," akasema. "Nimekuharibia baiskeli. Nilibana zote mbili kama ulivyonifundisha, wallahi nilibana, lakini haikusimama. Sijui nilikosea wapi. Labda nilichelewa kubana. Nikakumbuka wale wabeba ndizi wanavyoweka mguu kwenye tairi la nyuma, nikaweka na mimi. Mpaka kiatu kikanitoka. Daraja nililipita nimefumba macho." Akatabasamu, mwenye aibu. "Ulisema nimeiva. Kumbe bado."

Ananiomba msamaha. Mguu umeungua, begani damu, mwanangu yuko hai kwa mikono yake, na ananiomba msamaha mimi! Kulikuwa na mlango wazi mbele yangu. Ningesema waya umekatika. Ningesema mtumba ndivyo ulivyo, nesi, hauaminiki. Nani angejua? Makarius asiyejua kujaza upepo?

"Hukukosea," nikasema. "Breki ya mbele haikuwepo. Niliifunga mimi. Siku ya kwanza ulipoichukua, niliichomoa, nikaifunga kwa tyubu."

Hakuelewa. "Uliifunga kwa nini?"

"Usije ukaruka usukani. Nawafanyia wote. Wanawake wote wanaojifunza kwangu."

"Miezi sita?"

"Ndiyo."

"Nami nabana."

"Ndiyo."

"Nawe umesimama pale unaniambia bana zote mbili."

Alinitazama, na mimi nimezoea kufokewa na wateja, kufokewa na kufoka ndiyo kazi yangu, lakini huyu hakufoka. Alisema polepole, kwa kile Kiswahili chao cha pwani kisichopandisha sauti, "Fundi, mimi nikimchoma mtu sindano namwambia nimemchoma nini. Hata akiwa hajui kusoma namwambia. Wewe ulinipa mkono wa breki wa bandia. Kama ungeniambia ipo moja tu, nisingebana nikangoja. Ningeweka mguu tangu juu. Nilipoteza nusu ya mteremko namngoja mtu asiyekuwepo."

Kweli tupu. Ndicho kilichoniuma, kwamba nusu ya Mabuye alishuka akijilaumu mwenyewe, anabana na kufikiri ni mkono wake usiojua. Nikasema, "Nisamehe, mwanangu." Sijawahi kumwambia mteja neno hilo tangu Kibondo.

"Una zana?" akauliza.

Mimi zana zangu hazinitoki mfukoni, hata kanisani naenda nazo. Nikamwonyesha.

"Basi ukitoka hapa unairudisha breki ya mbele, na mimi nasimama natazama, na nati ya mwisho naikaza mwenyewe. Halafu unaniandikia majina ya wengine wote uliowafanyia, nao utawafuata nyumbani kwao mmoja mmoja uwaambie kwa mdomo wako."

"Ego," nikasema. Nilikuwa naanza kuwahesabu kichwani. Mama mchungaji. Yule muuza dagaa. Wawili wa kwaya. Nilikuwa nawaona kila mmoja na mteremko wake.

Ndipo Herieth akasema kitu kutoka mkekani. Sauti ilikuwa ndogo, nesi akainama kumsikia, lakini hakuwa anaongea na nesi.

"Na yangu, baba?"

Mtoto alikuwa anafanya sauti zake kwenye mikono ya Makarius.

"Yako nini?"

"Baiskeli yangu. Ile ya harusi. Ile niliyoanguka nayo mtoni." Akapumua, akatafuta nguvu. "Nilibana, baba. Nilikuambia siku ile kwamba nilibana. Ukasema mimi ni mwoga."

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kusema ya mtoto wangu niliirudishia, haiwezekani ya mtoto wangu niisahau. Nikatoka nje. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikafukuza kuku, nikaishusha ile baiskeli ya bluu kutoka ukutani. Kutu, mavi ya kuku, tairi zimekauka. Nikainama kwenye fremu, pale chini ya usukani, nikapangusa kwa kidole.

Kipande cha tyubu kilikuwa bado pale, fundo langu, fundo la mkono wangu wa kushoto ninalolifunga peke yangu wilaya nzima. Miaka sita. Nikajaribu kulifungua, likakataa, nikalikata kwa kisu. Halafu nikairudisha ndani kwa kuikokota, matope na kutu na yote, mama mkwe ananipigia kelele naingiza uchafu kwa mzazi, nikaisimamisha pembeni ya mkeka ili Herieth aone. Nikaurudisha waya wa breki ya mbele kwenye raba zake, nikamwekea spana mkononi akaze nati. Hakuwa na nguvu ya kuikaza, nesi akamshika kiganja, wakaikaza wote wawili.